Miswada imeongezeka, kipimo kimeshuka: jarida limepanda au limeshuka?

Swali: Mimi ni mhariri msaidizi mpya wa jarida la kitaaluma linalochapisha tafiti za utaifa na ukabila. Bodi ya wahariri inakutana mwezi ujao na nimekabidhiwa kuandika taarifa ya maendeleo ya mwaka 2025. Mwaka 2024 tulipokea miswada 180. Mwaka 2025 tumepokea 240 na kukubali 36. Lakini kipimo cha athari (impact factor, yaani wastani wa mara ambazo makala za jarida hurejelewa) kilichotangazwa Juni 2025 kimeshuka kutoka 2.4 hadi 2.0. Nikiulizwa kama tumepanda au tumeshuka, nijibu nini? Na taarifa yenyewe iwe na mambo gani?

Jibu: Ndugu mhariri, namba ulizotupa si za mwaka mmoja, na utata wote unaanzia hapo. Miswada 240 ni habari ya mwaka 2025. Zile 36 zilizokubaliwa, sehemu kubwa iliingia mwaka 2024, na chache huenda zilianza safari 2023. Kipimo cha athari kilichotangazwa Juni 2025 ni cha mwaka 2024, nacho kinahusu makala zilizochapishwa 2022 na 2023, yaani miswada ambayo mingi yake ilitumwa 2021 au hata 2020. Pengine mhariri mkuu aliyeipitisha hayupo tena. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuandika, pembeni ya kila namba, ni ya miswada iliyoingia lini. Taarifa nyingi za mwaka hupotosha kwa kukosa safu hiyo moja tu, hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kudanganya.

Tuanze na hicho kipimo, maana ndicho wajumbe watakachokirukia. Hesabu yake ni fupi. Juu ya mstari unaweka marejeo yote yaliyofanywa mwaka 2024 kwa chochote jarida lilichochapisha 2022 na 2023. Chini ya mstari unaweka idadi ya makala za utafiti na makala za mapitio za miaka hiyo miwili. Tahariri na mapitio ya vitabu hazihesabiwi chini, lakini zikirejelewa, marejeo yake yanaingia juu. Jarida lenye kurasa nyingi za mapitio ya vitabu, kama yalivyo mengi katika uwanja huu, lisishangae namba iliyotangazwa ikitofautiana kidogo na ile unayoipata kwa mkono.

Tuseme mlichapisha makala 40 mwaka 2022 na 44 mwaka 2023, jumla 84, zikapata marejeo 168. Hiyo ni 2.0. Kipimo kilichotangulia kilitazama 2021 na 2022: tuseme makala 38 na 40, jumla 78, marejeo 187, ambayo ni 2.4. Sasa fungua orodha ya marejeo kwa makala moja moja. Katika jarida la ukubwa huu ni kawaida kabisa kukuta makala moja ya 2021 imebeba marejeo 39 peke yake. Iondoe: 148 gawanya kwa 77, unapata 1.9. Maana yake makala zilizobaki zimepanda kutoka 1.9 hadi 2.0, na kilichoshusha kipimo ni makala moja kuondoka kwenye dirisha la miaka miwili. Fanya hesabu hiyo kwa data zenu halisi kabla hujaandika neno “kushuka”. Ukiiondoa makala hiyo na mteremko ukabaki, basi mteremko ni wa kweli, uandikwe bila kupambwa.

Usiishie kwenye wastani. Andika pia mediani, yaani namba inayokaa katikati ukizipanga makala zote kwa mfuatano wa marejeo, na asilimia ya makala ambazo hazijarejelewa hata mara moja. Hizo mbili hazitikiswi na nyota mmoja.

Nafasi ya jarida kwenye orodha nayo ina mitego yake. Tangu Juni 2023 kipimo hiki hutolewa kwa desimali moja badala ya tatu, hivyo majarida mengi yanafungana. Mwaka huohuo majarida yaliyokuwa nje ya hesabu, yale ya faharasa ya majarida chipukizi na ya sanaa na fasihi, yalianza kupewa kipimo, na Juni 2024 yale ya chipukizi yakaunganishwa na mengine katika orodha moja kwa kila taaluma ya sayansi na sayansi ya jamii. Jarida lililokuwa la 20 kati ya 50 linaweza kujikuta la 28 kati ya 75 bila kubadilika lolote ndani yake. Linganisha kwa asilimia ya nafasi, na utaje ni orodha ya taaluma gani. Majarida ya uwanja huu yametapakaa: mengine yako sayansi ya siasa, mengine sosholojia, mengine tafiti za makabila, na mengine yamo kwenye orodha mbili au tatu kwa wakati mmoja. Kujilinganisha na jarida kongwe kama Ethnic and Racial Studies, lililoanza 1978 na kutoa matoleo zaidi ya kumi kwa mwaka, hakuna faida kwa jarida la matoleo manne. Tafuta majirani watatu au wanne wenye ukubwa na umri unaokaribia wenu, na uwataje walewale kila mwaka. Kubadilisha majirani ili uonekane mrefu ni hila ya zamani, na wajumbe wazoefu huinusa upesi.

Kuna jambo la msingi zaidi. Dirisha la miaka miwili ni jembamba kwa taaluma ambayo vitabu vyake vya 1983 bado vinarejelewa karibu kila toleo. Makala nzuri ya utaifa mara nyingi huanza kurejelewa kwa wingi baada ya mwaka wa tatu. Kwa hiyo weka kando ya kipimo hicho kile cha miaka mitano, na CiteScore, kipimo cha kanzidata ya Scopus kinachotumia dirisha la miaka minne. Zikienda pande tofauti, hilo lenyewe ni habari ya kueleza.

Sasa miswada 240. Ongezeko la 60, sawa na theluthi moja, linapendeza machoni, lakini halijawa sifa mpaka ujue limetoka wapi. Hesabu kwanza miswada iliyokataliwa kwa ruhusa ya kuandikwa upya: mifumo mingi ya kupokea miswada huipa namba mpya ikirudi, ikahesabika mara mbili. Kisha tenga iliyokuja kwa wito wa toleo maalumu. Kisha tenga iliyo nje kabisa ya mada. Siku hizi majarida mengi hupokea miswada iliyotengenezwa na programu za akili unde (AI), marejeo yake yakiwa ya vitabu visivyokuwepo, na ongezeko la namna hiyo ni mzigo tu kwa mhariri. Kinachobaki baada ya kuchuja ndicho unachoweza kukilinganisha na mwaka uliopita, ambao nao lazima uchujwe kwa kipimo kilekile.

Katika uwanja huu kuna sababu nyingine ambayo jarida la hisabati halina: matukio. Kura ya maoni ya Scotland ya Septemba 2014, ile ya Catalonia ya Oktoba 2017, uvamizi wa Urusi nchini Ukraine wa Februari 2022, kila moja lilileta wimbi la miswada kuhusu mahali hapo. Wimbi likipita, idadi hushuka, na bodi isiyojua huanza kutafuta mchawi. Ukiona mahali pamoja pamechangia zaidi ya moja ya tano ya miswada ya mwaka, paandike.

Kiwango cha kukubali ndipo watu wanapokosea zaidi. Njia ya haraka ni 36 gawanya kwa 240, asilimia 15. Hapana. Miswada mingi kati ya hiyo 240 bado iko mikononi mwa wahakiki, na nyingi kati ya zile 36 si za kundi hilo. Kukiwa na ongezeko kubwa kama lenu, njia hii huonyesha jarida limekuwa kali kuliko lilivyo. Njia bora kidogo ni kugawanya kwa maamuzi ya mwisho yaliyotolewa ndani ya mwaka. Yakiwa 200, unapata asilimia 18. Njia sahihi ni kufuatilia kundi: chukua miswada 180 ya mwaka 2024, ona mingapi imefungwa hadi leo, mingapi imekubaliwa. Tuseme 171 imefungwa na 34 imekubaliwa: asilimia 19.9, huku 9 ikiwa bado wazi. Andika namba hiyo na hizo 9 usizifiche. Kiwango cha kundi la 2025 hakijulikani bado, na taarifa iseme hivyo waziwazi.

Toleo maalumu nalo lisichanganywe humo. Ikiwa kati ya maamuzi 200 kuna 10 ya toleo maalumu ambalo mhariri mwalikwa alishachuja mapema, na 8 yamekubaliwa, basi kwa mwandishi wa kawaida aliyetuma peke yake kiwango ni 28 kati ya 190, karibu asilimia 14.7. Huyo ndiye anayetaka kujua nafasi yake.

Muda wa uamuzi wa kwanza unahitaji kutenganishwa kwa namna hiyohiyo. Mfumo utakupa wastani mmoja wa miswada yote. Tuseme nusu au zaidi inakataliwa mezani na mhariri ndani ya siku tisa, na iliyobaki inakwenda kwa wahakiki na kuchukua siku 97. Ukiichanganya, namba inayotoka haimwelezi mwandishi yeyote: yule aliyekataliwa amejibiwa mapema zaidi, na yule aliyesubiri uhakiki amesubiri zaidi. Andika mediani mbili, na ya tatu iwe muda wa tisa kati ya kumi ya miswada iliyohakikiwa, yaani siku ambazo asilimia 90 ilikuwa imeshajibiwa. Malalamiko hutoka kwa ile asilimia kumi ya mwisho. Muda wa kuanzia kutumwa hadi kukubaliwa unajumuisha miezi ambayo mwandishi mwenyewe anarekebisha, kwa hiyo utenge siku za mwandishi na siku za jarida. Mifumo mingi ina safu hizo ukiziomba.

Wahakiki wanastahili ukurasa mzima. Namba ya kuanzia ni mialiko kwa kila uhakiki uliokamilika: mialiko 412 kwa hakiki 172 ni karibu 2.4. Ikipanda mwaka hadi mwaka, muda nao utapanda, hata wahariri wakikesha. Wagawe walioalikwa katika makundi matatu: waliokataa, wasiojibu, waliokubali kisha wakapotea. Wasiojibu wakiwa wengi, mara nyingi tatizo ni anwani za zamani kwenye kanzidata, na mtu mmoja anaweza kuzisafisha kwa siku mbili. Wanaopotea ndio wanaochelewesha kuliko wote, kwa sababu kila mmoja hugundulika baada ya wiki kadhaa za kumngoja.

Lakini ugumu wa kweli wa jarida la utaifa uko kwingine. Wanaoijua vizuri jamii ndogo ya wachache au eneo linalogombaniwa ni wachache, wanafahamiana, na baadhi yao wana upande. Uhakiki usiotaja majina hubaki wa jina tu pale ambapo duniani kuna watafiti sita wa mada hiyo. Wawili watatu wakitoa hukumu zinazopingana kabisa, mmoja “chapisheni” na mwingine “kataeni”, huenda tofauti ni ya mbinu za utafiti, huenda ni ya bendera. Hesabu ni miswada mingapi ilihitaji mhakiki wa tatu. Kisha, kwa miswada hiyo tu, mhariri asome tena hakiki na kuandika sababu kwa neno moja: data, nadharia, au msimamo. Hakuna programu itakayokufanyia hivyo, na kwa miswada kumi na tano au ishirini ni kazi ya alasiri moja. Dawa inayofanya kazi ni kumwalika mhakiki mmoja anayepajua mahali hapo na mwingine anayeijua nadharia lakini anatafiti mahali pengine. Taarifa iseme ni asilimia ngapi ya miswada ilipata jozi ya aina hiyo.

Jiografia. Mchapishaji atakupa ramani ya nchi za waandishi, na ramani hiyo ni ya nchi iliko taasisi ya mwandishi wa mawasiliano. Haionyeshi makala inahusu wapi, na wala haionyeshi mwandishi anatoka wapi. Mtafiti aliyezaliwa Kurdistan anayefundisha Ujerumani na kuandika kuhusu Uturuki atahesabiwa Ujerumani. Usijaribu kukisia asili ya mtu kwa jina lake. Jarida la ukabila, kuliko yote, lingepaswa kujua kwa nini. Tengeneza lahajedwali lako lenye safu za nchi ya taasisi, nchi au eneo linalotafitiwa, kipindi cha kihistoria, na mbinu. Kwa dakika tatu kwa muswada, 240 ni saa 12. Wafanye watu wawili, kila mmoja aanze na 30 zilezile bila kushauriana, kisha mlinganishe. Mkitofautiana kwenye zaidi ya tatu au nne, fafanueni upya safu kabla ya kuendelea.

Hapo ndipo utaona kinachokosekana. Kwa kawaida Ulaya hujaa, na bara zima lingine linawakilishwa na nchi mbili. Ila usihesabu asilimia juu ya tarakimu ndogo. Miswada minne kutoka ukanda fulani, yote ikakataliwa, haimaanishi “kiwango cha kukubali ni sifuri”. Andika “0 kati ya 4” na uunganishe miaka mitatu ndipo useme lolote. Tazama pia ilikataliwa hatua gani. Ikikatwa mezani kwa sababu ya umbo, yaani urefu, mtindo wa marejeo, Kiingereza kisicholainika, jarida linaweza kusaidia kwa mwongozo ulio wazi zaidi. Ikikatwa na wahakiki kwa hoja ya “eneo hili halina mvuto kwa wasomaji wetu”, hilo ni la bodi.

Neno moja kuhusu istilahi, kama taarifa au muhtasari wake utaandikwa kwa Kiswahili. “Ukabila” masikioni mwa wengi ni lawama: upendeleo, ubaguzi, fitina. Kwenye jarida lenu ni mada ya utafiti. Andika “utambulisho wa kikabila” pale unapomaanisha watu wanavyojitambua, na uache “ukabila” kwa siasa zinazotumia utambulisho huo. Vilevile “utaifa” usiugeuze “uzalendo”. Mtu anaweza kuutafiti utaifa wa taifa asilolipenda hata kidogo. Safu ya maneno muhimu kwenye lahajedwali itakuwa takataka usipoamua hayo mapema.

Foleni ya makala zilizokubaliwa hupimwa kwa miezi. Mkichapisha makala 40 kwa mwaka na 52 zinangoja toleo, mna foleni ya karibu miezi 16. Kuchapishwa mtandaoni mapema kunampunguzia mwandishi maumivu, lakini foleni ndefu inazaa makala zenye tarehe mbili, na waandishi wanaozirejelea huandika mwaka usio sahihi.

Upakuaji uripotiwe kwa kipimo cha COUNTER (kanuni ya pamoja ya kuhesabu matumizi ya machapisho ya kidijitali) kinachohesabu kila makala mara moja kwa kila kipindi cha msomaji, si jumla ya mibofyo. Uliza kama namba ni za tovuti ya mchapishaji pekee. Maktaba za kidijitali za watu wengine huwa na hesabu zao. Fedha ziachie ukurasa wa mhazini, ila taja makala ngapi zilitoka huria, yaani za kusomwa bure, na ngapi kati ya hizo zililipiwa na mikataba ya taasisi za waandishi. Hilo linaamua nani anaweza kuwasomeni.

Sehemu ya malalamiko haipaswi kukosekana hata kama ni mistari mitano. Makala kuhusu jina la eneo, mpaka kwenye ramani, au mauaji yanayokanushwa na serikali fulani inaweza kuleta barua mia moja ndani ya wiki, nyingi zikiwa na maneno yaleyale. Hesabu kampeni kama lalamiko moja, na utenge yale yanayotaja kosa mahususi: tarehe, chanzo, nukuu. Andika mangapi yalichunguzwa, kwa utaratibu gani (majarida mengi hufuata miongozo ya COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji), na kama masahihisho yalitoka.

Halafu usiri. Wajumbe wa bodi ni watafiti wa uwanja huohuo. Baadhi yao wana miswada kwenye foleni yenu. Taarifa isiwe na majina wala vichwa vya miswada iliyokataliwa au inayosubiri. Kwenye tafiti za kujitenga kwa majimbo au jamii zinazokandamizwa hili linazidi heshima ya kazi: kichwa cha muswada pamoja na nchi ya taasisi vinatosha kumtambulisha mwandishi anayeishi mahali ambapo kuandika hivyo ni kosa la jinai. Kwenye majedwali, unganisha nchi zenye muswada mmoja au miwili ziwe kundi la kanda.

Toa data zote kwenye mfumo siku moja, tuseme 15 Januari, kwa mwisho wa hesabu wa 31 Desemba, na uhifadhi faili ghafi bila kuigusa. Ukitoa miswada Jumatatu na maamuzi wiki inayofuata, jumla hazitakubaliana na utapoteza siku nzima ukitafuta muswada mmoja. Kurasa sita hadi nane zinatosha, kila jedwali likiwa na miaka mitatu, kwa sababu miaka miwili haionyeshi mwelekeo.

Na ukiulizwa mkutanoni, jibu linaweza kuwa hivi, ukiweka namba zenu halisi mahali pa zile za mfano: “Miswada iliyo ndani ya mada imeongezeka kwa kiasi hiki baada ya kuchuja. Kundi la 2024 limekubaliwa kwa asilimia 19.9, tisa zikiwa wazi. Kipimo cha athari kimeshuka kwa sababu makala moja ya 2021 imetoka dirishani. Bila hiyo kingepanda kutoka 1.9 hadi 2.0. Kinachozidi kuwa kigumu ni kupata wahakiki.” Kisha wape la kuamua: je, waongeze mhariri mmoja wa kupokea miswada, wapunguze matoleo maalumu kutoka mawili hadi moja ili foleni ishuke chini ya mwaka, na nani kati yao atakubali kuhakiki miswada minne mwaka huu? Swali hilo la mwisho uliulize kwa majina, wakiwa bado wameketi.